Wifi Alivyolihoji Swali

Wifi yangu tunamwita Chapchap, na jina hilo hakusingiziwa. Ukianza kumwuliza kama maji yamechemka, keshakujibu habari za mkaa. Ni mhudumu wa wodi ya wanawake, na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ulikuwa umemshinda mara mbili. Kichwa anacho, tena sana. Ila akiona kwenye swali neno analolijua, basi, kalamu inatimua mbio. Waliuliza jinsi ya kumwandaa mgonjwa kabla ya upasuaji, mwenzangu akajaza kurasa za kumtunza baada ya upasuaji. Majibu mazuri kweli, ya swali ambalo hakuna aliyemwuliza.

Mwaka huu umri ulikuwa unamfungia mlango. Akifeli tena, ni kupiga deki mpaka kustaafu. Basi nikamshikia bango. Kila jioni namsomea swali, kalamu nimeichomeka kwenye nywele zangu. Haipati mpaka aniambie kwa maneno yake wanataka nini. Alinuna huyo! Akasema nina roho mbaya kama mama mkwe. Nikamkumbusha kwamba mama mkwe wangu ndiye mama yake mzazi. Alicheka mpaka akapaliwa.

Bado alikuwa anateleza, hadi siku nilipompelekea chakula kazini. Bibi mmoja alikuwa analalamika tumbo. Chapchap akaketi kando ya kitanda, akamwuliza linauma wapi, tangu lini, amekula nini. Hakunyanyuka mpaka bibi wa watu alipomaliza kusema. Nikamvuta pembeni.

"Wifi," nikamwambia, "swali nalo ni mgonjwa. Mbona hulihoji?"

Siku ya mtihani, wenzake wakiandika kwa fujo, msimamizi alimkuta amekalia mikono yake. Akamwuliza kama anaumwa.

"Mimi mzima, mwalimu," akajibu. "Bado namsikiliza mgonjwa."

Haya alitusimulia mwenyewe aliporudi. Swali kubwa lilitaka jambo la kwanza la kumfanyia mtu aliyezimia, naye kaandika mistari michache, kaweka kalamu chini. Nikafoka kwamba amechezea nafasi yake ya mwisho, karatasi kairudisha nyeupe, na yote tuliyosoma kayaacha kichwani. Hakunikatiza. Nilipochoka, akaniuliza taratibu:

"Waliuliza la kwanza, wifi. La pili ningemwandikia nani?"

Alifaulu. Jana nimempigia pasi sare yake ya chuo, na machozi yalinitoka nikaogopa kuichafua.