Uledi alivyokataa kisu siku ya kuamkia Idd

Kuku wa kwanza anaingia kwenye pipa la maji ya moto, na Uledi Mwinyimvua tayari anabishana na mtu.

"Kama Mungu yupo, mbona kinara wa kuswali mtaani kwenu ndiye kinara wa kupunja mizani?" anamuuliza mteja, vidole vikichomoa manyoya. Mteja anaguna, "Astaghfirullah," kisha anacheka, na bado anamngoja kuku wake.

Ni asubuhi kwenye banda la kuku la Bi Maimuna, uchochoro wa Kariakoo unaotokea Gerezani. Wasukuma mikokoteni wanapiga mayowe ya kuomba njia, majogoo wanajibu, lakini Uledi, mwenye miaka arobaini na moja, anawashinda wote kwa sauti. Haamini Mungu, na wala hanong'oni!

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mchinjaji wa banda hili. Hapa mjini hilo si jambo dogo. Kuku huchinjwa na Mwislamu, kwa jina la Mungu, na hata Wakristo wenye hoteli hununua hivyo hivyo ili mgeni yeyote ale bila wasiwasi.

Mdomo ukaponza kichwa. Mwaka jana, kwenye kijiwe cha kahawa, Uledi alitamka mbele ya watu kwamba hana Mungu anayemwabudu. Mtu akamrekodi kwa simu. Kufika adhuhuri, video imeshazunguka Kariakoo nzima.

"Nilimuuliza mara moja tu," anasimulia Bi Maimuna. "'Uledi, ni kweli au utani wako?' Akanijibu, 'Kweli, mama.' Kisu akakiweka mezani mwenyewe, sijamwambia! Akasema hawezi kulisha watu kwa jina asiloliamini. Mimi nililia, jamani."

Kijana aitwaye Abubakary akashika kisu. Uledi akahamia kwenye pipa, kunyonyoa, na kipato chake kikashuka kutoka shilingi elfu thelathini kwa siku hadi elfu kumi.

Hata huko hakuachwa. Ustadh Haruna, mwalimu wa madrasa ya mtaa huo, alitaka atimuliwe kabisa. "Nilisema mkono ule usiguse chakula chetu," anakiri ustadh. Wateja wakamsikiliza, nusu yao wakahamia mabanda mengine. Mwishowe Bi Maimuna akasalimu amri: Idd ikipita, Uledi akatafute riziki kwingine.

Basi ikafika siku ya kuamkia Idd. Weee! Patashika, nguo kuchanika! Foleni imefika barabarani, kuku wamejaa matengani, na Abubakary katika haraka zake akajikata kidole gumba. Akakimbizwa zahanati, damu chapachapa. Wachinjaji wa mabanda jirani nao wamezidiwa, kila mmoja na foleni yake.

Wanaume kwenye foleni wakatazamana: nani atachinja? Wa mjini hao, kuku wanamjua akiwa sahanini!

"Uledi, shika kisu bwana!" mmoja akapaza sauti. "Taja bismillahi tu, kwani utapungukiwa nini? Sisi hatujaona kitu!"

Wengine wakadakia kwa makofi. Walewale waliomkimbia mwaka mzima! Bi Maimuna naye akamnyooshea kisu, machozi yakimlengalenga. Angekishika tu, kazi yake ingerudi palepale, na Uledi alilijua hilo vizuri.

"Sishiki," akajibu. "Kesho mtakaa na watoto wenu mle mkijua ni halali. Mimi siamini, na nyie mnajua siamini. Mnataka niwadanganye, au mnataka mjidanganye wenyewe?"

Uledi akamgeukia mzee aliyesimama katikati ya foleni, majogoo wawili kwapani. Alikuwa Ustadh Haruna, aliyekuja huku baada ya foleni za kwingine kumshinda.

"Shikamoo, ustadh. Wewe unaamini?"

"Marahaba. Naamini, tena sana."

"Basi njoo. Kisu hiki hapa. Mimi nitakushikia kuku."

Na ustadh akaja! Akakunja mikono ya kanzu, kuku wa kwanza akamponyoka, watu wakaangua kicheko. Uledi akamdaka, akambana mbawa na miguu. "Tulia, ustadh. Usimtese. Mara moja tu."

Haruna akataja jina la Mungu kwa sauti, akachinja. Vigelegele! Wakachapa kazi bega kwa bega mpaka yakabaki matenga matupu, na ile kanzu ikawa haitamaniki.

"Niliona haya," anasema Ustadh Haruna. "Foleni nzima tunaswali, na aliyetulindia Idd yetu ni yeye. Maneno yake siyakubali hata kidogo, na kila siku namwombea arudi. Ila suala la kumfukuza nililifuta palepale, mbele ya watu."

"Mungu si Athumani," Bi Maimuna anadakia.

"Ni mimi huyo, mama, siyo Mungu!" Uledi anamjibu, na ubishi unaanza upya.

Bi Maimuna alimbakisha, na wateja wengi wamerudi. Sasa Uledi anaweka akiba anunue mashine ya kunyonyolea, afungue banda lake mwenyewe Gerezani. Atahitaji mchinjaji, na vijana wameshaanza kumfuata. Mmoja alimnong'oneza kwamba asiwe na wasiwasi, hata yeye haamini chochote, lakini bismillahi anaijua. Uledi alimfukuza mbio!

"Namtaka anayeamini kweli," anasema, akitumbukiza kuku mwingine pipani. "Wa kujifanya wa nini? Kujifanya hata mimi ningeweza."