Kamba ya Ghorofa ya Tano

Dubai nilikwenda kwa jambo moja tu: kumjengea mama nyumba ya chini kule Fuoni, ateremke kutoka lile jumba la ghorofa la Michenzani kabla magoti hayajammaliza. Kuta zilishasimama, yamebaki mabati. Nampigia simu kumpa habari njema, ananiuliza, "Na kikapu changu nitakiteremshia wapi?" Yarabi! Nilihamaki. Miaka chungu nzima natandika vitanda vya hoteli mtaa wa Al Rigga, mwenzangu anawaza kikapu anachokishusha kwa kamba kutoka ghorofa ya tano, atiliwe mkate.

Kwenye chumba cha kupanga, mtaa wa Muraqqabat, nilikaa na mwanamke wa mji wa Tashkenti, tukifanya kazi pamoja. Ijumaa ile ya simu aliniona nimenuna, akatoa picha za mtaa wao. Nikacheka mpaka nikakaa kitako. "Mbona Michenzani hii!" Majumba yaleyale marefu, madirisha sare sare, ya enzi za Sovieti. Ila wao miti yao imefika ghorofa ya nne, chini pana mkahawa na saluni, na treni inapita chini ya ardhi. Kila mwaka baridi ikiisha, wanawake wa jengo zima hupika uji wa ngano kwenye sufuria moja kubwa uani, wakikoroga kwa zamu. Haki ya Mungu niliupenda mtaa ule bila kuuona. Hapa Dubai, kule Marina kwenye minara mipya, jirani hamjui jirani.

"Na mamako bado anakaa hapo?" nikamuuliza.

Akazirudisha picha kwenye bahasha. Alikuwa amemhamisha, kamjengea nyumba nzuri nje ya mji, ina bustani. Sasa mama yake anapanda mabasi mawili kila siku kwenda kukaa kwenye benchi la mlango wake wa zamani, na jioni majirani wanamsindikiza kituoni.

"Nilimuuliza kila kitu," akasema. "Rangi ya kuta, vigae. Sikumuuliza kama anataka kuhama."

Mie hata rangi sikuuliza.

Kesho yake nikampigia mama, nikamwambia nyumba ya Fuoni tutaipangisha, abaki kwake. Nikamuuliza kamba yake ina hali gani.

"Imechakaa, mwanangu. Jana mkate umeanguka."

Jioni ile nikashuka madukani Al Rigga, nikanunua kamba ya nailoni, mita ishirini, ya buluu.