Mwalimu Mkuu Aliposema Kuna Kula

Enzi zetu pale Igoma, vyama vingi vilipoingia, kila mtu alitaka kupiga kura. Hata kwenye mchezo wa rede tulipiga kura nani aanze kurusha mpira. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa huku ziwani. Sangara wakapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiziwa mapanki, vile vichwa na mifupa, tukavifyonza mpaka vikang'aa. Nikimsimulia kijana wangu, ananiuliza kwani kuku hawakuwepo.

Nilikuwa darasa la saba. Masomo ya mchana yalikuwa yanakufa, maana tukienda nyumbani saa saba, waliorudi ni wachache. Mwalimu wa taaluma alitaka yaendelee. Wenzake walisema yafutwe tu. Mimi roho ilikuwa juu. Hesabu za sehemu zilikuwa zinanipiga chenga, na mchana ndipo tulipofundishwa taratibu.

Mwalimu mkuu wetu, Mzee Masanja, angeweza kuamua peke yake ofisini. Lakini upepo wa vyama vingi ulikuwa umempitia na yeye. Akasimama mbele yetu mstarini, akatangaza: "Kesho wazazi wenu waje wote. Kuna kula." Msukuma wa watu, kwake r na l zilikuwa ndugu. Nasi tukaufikisha ujumbe nyumbani kama tulivyoupokea.

Walikuja hata ambao hawakuwahi kukanyaga mkutano wa shule. Akina mama walifunga mabakuli kwenye kanga, na baba mmoja alikuja na kijiko mfukoni. Wakakuta meza, sanduku na vikaratasi. Mwalimu mkuu akawaeleza, akawaomba wachague: masomo ya mchana yaendelee au yafutwe. Wakatazamana.

Mama yangu akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Sisi umetuita kula, tumejaa. Na hawa watoto waite kula, watarudi. Mchana sisi tuko sokoni. Wanakuta sufuria tupu, wanalala."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Mzee Masanja akacheka kuliko wote. Kisha akayatazama yale mabakuli. Sanduku halikufunguliwa. Pale pale wakakubaliana kila nyumba ilete mahindi au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na wavuvi walete dagaa. Masomo ya mchana yakabaki, nasi tukarudi, sahani mkononi. Sehemu zikaniingia polepole, na majina ya waliofaulu yalipobandikwa, langu lilikuwemo. Mama alilia mbele za watu bila aibu.

Siku hizi maamuzi ya shule ya kijana wangu huja kwenye simu, yameshaamuliwa, nasi wazazi tunajibu kwa kidole gumba. Chakula wanapewa kizuri, na wanakibakiza. Sura ya mwalimu mkuu wake siijui. Nawakumbuka sana Mzee Masanja na mama, wote wameshatangulia. Na kila uchaguzi, hata niwe nimeshiba vipi, nikisimama kwenye foleni ya kupiga kura tumbo linanguruma.