Jumuiya imenikuta nimejifungia ndani

Leo nimeombewa hadharani kwa sababu ya maharage.

Wiki tatu nilikuwa nimesusia jumuiya yetu ya kusali majumbani. Jirani yangu Nyabise aliwaambia nasinziaga kwenye rozari.
Ni kweli. Lakini ndiyo ya kutangaza Bunda nzima?

Nikasema nitasali peke yangu. Mungu si kiziwi.

Leo zamu ya kusali ilikuwa nyumbani kwangu. Wakaja. Nikajifungia ndani, kimya, kama sipo.

Wakakaa uani, wakaanza. Kufika kwenye maombi, namsikia Nyabise:

"Tumwombee dada yetu Bhoke aliyejificha ndani, maharage yake yanaungua jiko la nje."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia wote. Hata katekista.

Nikakumbuka tulivyohamishiwa kijiji cha ujamaa, hatuna paa. Mvua ikinyesha, mimi na huyuhuyu Nyabise tulikuwaga tunasali tumejifunika turubai moja. Peke yangu ningekufa kwa woga.

Nikafungua mlango. Sufuria ameshaiepua yeye.

Nikapiga magoti, nikaomba kwa sauti: "Tumwombee Nyabise apunguze mdomo."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Nyie mnaojifungia kusali peke yenu, maharage yenu anaepua nani?