Sumaku ya Baba wa Ubatizo

Duka la Papa Kambale pale mgodini Omate, mashariki ya Kongo, lilinuka makayabu, wale samaki wa chumvi waliokakamaa kama ubao, na sabuni, na matope yaliyoingia na viatu vya wachimbaji. Mpaka leo nikipita sokoni nikaisikia harufu hiyo, mate hunijaa, kisha hasira hunipanda. Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki asiyefungua mlango kabla ya kusali rozari, na ndiye aliyenisimamia siku ya ubatizo wangu. Mwaka wa mambo haya nilikuwa na miaka tisa. Vita vilikuwa vimefunga njia zote, na mnunuzi wa madini alibaki yeye peke yake.

Baba yangu alikuwa mtu wa msitu wa Walikale, mwindaji aliyegeuka mchimbaji baada ya bunduki za wageni kuwamaliza wanyama. Aliamini mkono wake. Alikuwa akitia mchanga mweusi kiganjani, anafumba macho, kisha anasema hii ni koltani, madini yenye bei, hiki ni chuma tupu, vile vile alivyozoea kukadiria nyama kabla ya kuwagawia majirani. Mwaka huo alikuwa na shabaha moja: shimo lake likitoa mzigo mmoja mzuri, tuondoke, twende Kibabi kwa ndugu za mama, kabla wenye silaha hawajarudi kukamata wanaume wa kuwabebea mizigo. Alilisema jambo hilo kila tulipoketi kula, hata mdogo wangu, ambaye maneno yalikuwa bado yanamshinda, akawa anagonga sahani akiimba "Kibabi, Kibabi". Mama alikuwa amekwisha kufunga nguo zetu kwenye bulungutu.

Kwa kuwa wachimbaji waligombana na mnunuzi kila siku juu ya mawe, Papa Kambale alibuni dawa yake. Alinipa sumaku nzito aliyoileta kutoka Butembo, akanifundisha kuipitisha juu ya mchanga uliotandazwa kwenye sinia: kinachoruka na kunata ni chuma, kinachobaki ni koltani. Akanikalisha juu ya kreti ya bia mlangoni, akawaambia wachimbaji, "Mutu mukubwa anaweza kudanganya, lakini mutoto haisemake bongo. Huyu njo atapima." Bongo, kwa lugha yetu, ni uongo. Wakakubali bila ubishi, maana kwetu hata nyama ya mawindo ikigawanywa, mtoto ndiye huitwa aseme fungu hili ni la nani, ili asilaumiwe mtu. Nami kichwa kilinivimba! Wanaume wenye ndevu walisimama mbele yangu wakingoja nifungue kinywa. Nilichokikataa kilimwagwa kando, na Papa Kambale akawa anakizoa, eti ajazie matope mbele ya duka. Matope yale hayakupungua hata siku moja, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Siku Baba alipoleta mzigo wake nilipitisha sumaku, karibu wote ukanata. "Iko chuma, Papa," nikamwambia Baba, kwa sauti ile ile niliyowaambia wengine, nikijisifu moyoni kwamba simpendelei. Baba alichota mchanga, akaupima kiganjani kwa muda mrefu. "Mukono yangu iko inasema ingine," akasema taratibu. Alinitazama, akawatazama wanaume waliosimama nyuma yake. "Lakini mutoto amesha sema." Akaumwaga kando, akarudi kuchimba shimo jipya. Wiki ya tatu wenye silaha walikuja, wakamkuta humo humo. Walimtwisha mzigo wakaondoka naye, na hatukumwona tena. Tulipopata upenyo wa kutoka, Papa Kambale alinibariki kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Dereva mmoja, naye pia mtu wa Butembo, alitupandisha juu ya magunia hadi Mushaki, kwenye njia ya kwenda Kibabi, bila kutudai chochote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuja kuupata ukweli nikiwa mwanafunzi wa kemia, siku mwalimu aliponipa chupa ya koltani safi na sumaku kali. Nilisogeza sumaku, na koltani ikaruka, ikanata. Sumaku ya kawaida huvuta chuma na kuiacha koltani. Iliyo kali sana huinua vyote viwili. Nilirudia mara tatu, ikanata mara zote tatu. Papa Kambale alijua alichonipa. Alichukua ulimi wangu kwa sababu ulikuwa safi, akautumia kumwibia baba yangu.

Siku hizi natafiti chembe za madini hayo hayo, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangejipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Nikisema kitu juu ya jiwe, watu huandika kabla sijamaliza. Nasikia Papa Kambale bado yu hai, na huwaambia wageni wake kwamba yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Siwezi hata kumkanusha.

Mwaka jana nilikwenda Kibabi, nikamweleza Mama yote. Alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua uso. "Papa yako alijua ile ilikuwa koltani," akasema. "Aliniambia siku ile ile: afazali nichimbe shimo ingine, kuliko batu waseme mutoto yangu iko na bongo."

Nilimwacha Mama pale, nikatoka nje. Nilitamani Baba angeniita mwongo siku ile, mbele ya wanaume wote, akanishusha kwenye kreti, akanishika mkono tukaondoka.