Komba na Mwanawe

Juzi niliona video ya lemuri mdogo wa Madagaska, jamaa wa komba anayekaribia kutoweka, akihama na mtoto mdomoni. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Ganako, baba alipokuwa akikata mti mkavu ulionuka mkojo. Ghafla komba alichomoka tunduni, kitoto kikining'inia menoni, kimeshikwa shingoni.

"Baba, mpige! Anamla mwanawe!"

Baba alishusha shoka. "Anamhamisha tu, mwanangu. Mikono yake ni ya kushikia matawi."

Sikumwamini. Alipoendelea kukata, nilizunguka huku na huku nikitafuta damu kwenye majani. Leo najua kinachowamaliza lemuri wale wa kisiwani ni shoka, wala si meno. Lakini jioni ile, mama aliponiinamia kunifunika blanketi, nilificha shingo.