Kura Aliyonyimwa Bwana Kessebohm

Tangu Jumatatu mnanisumbua nieleze habari za Bwana Ortwin Kessebohm, kana kwamba humu ukumbini hamna waliosoma. Shule niliiacha mapema. Lakini mashati yake niliyapiga pasi mimi, misimu ishirini na sita, kwa hiyo nyamazeni nieleze.

Alikuwa kiongozi wa pili wa okestra katika ukumbi wetu wa opera. Wa pili ndiye anayewafundisha waimbaji na wapiga ala tangu ukurasa wa kwanza, miezi miwili. Siku ya ufunguzi anakuja kiongozi mkuu, anashika fimbo, anapigiwa makofi. Bwana Kessebohm alikuwa anasimama nyuma ya pazia na mkate wake wa soseji ya ini, midomo ikihesabu mapigo.

Mkuu alipostaafu, ikabidi okestra ipige kura ya siri. Kwetu mtu hapewi ukuu bila wapiga ala kumridhia. Wakashindanishwa Bwana Kessebohm na mgeni kutoka Munich, kila mmoja aongoze onyesho moja. Maishani hakutaka kingine ila ukuu huo.

Jioni yake ya kuongoza nilimfunga tai, nikamtemea begani mara tatu, tfu, tfu, tfu, kama desturi yetu ya kumtakia mtu bahati. Mtu hajibu asante. Akijibu, bahati imekwenda. Hata wafagiaji wanajua. Akanigeukia.

"Asante, Bi Mechthild."

"Umeharibu, mzee."

"Miaka yote hii sijakushukuru," akasema. "Labda hiyo ndiyo iliyokuwa inaharibu."

Akaongoza vizuri mno. Wapiga fidla wakagonga pinde zao kwenye vibao vya noti kumpongeza, nami nikalia ndani ya koti lake nililomshikia nyuma ya pazia.

Kura zikahesabiwa: kumi na tisa zake, arobaini na mbili za mgeni. Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa kazini, akiwafundisha watu wale wale opera ya ufunguzi ya mkuu mpya. Aliendelea hivyo miaka minne, akafa.

Tulipotoka kumzika, mume wangu Volkmar, mpiga tarumbeta wa okestra hiyo hiyo, alikaa mbele ya supu bila kuinywa. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, ningemziba mdomo ile asante isitoke.

Akaweka kijiko chini. "Acha, Mechthild. Mimi nilimnyima kura."

Nikamuuliza kama Bwana Kessebohm alikuwa hajui kazi.

"Alikuwa anatushinda wote. Mazoezini pumzi zikiniishia alishusha sauti ya wote nipige taratibu, watu wasijue. Nani anataka mkuu aliyekwisha kumsitiri aibu yake?"

Nikaiondoa ile sahani. Nimeendelea kumpikia, ni mume wangu, lakini supu sijampikia tena.

Kwenye ngazi za ukumbi zimetundikwa picha za viongozi wakuu saba. Yake haipo. Ninyi mlionisumbua mnajua kuandika kuliko mimi. Basi mwandikieni meneja, leo, siyo wiki ijayo. Mwambieni picha ninayo, na msumari ninao.